Kiingereza cha kuendeshea somo: kwa walimu wa Pweto

Katika shule nyingi za sekondari za Kongo, somo la Kiingereza huendeshwa kwa Kifaransa. Profe anaingia, wanafunzi wanasimama na kuitikia kwa pamoja "Good morning, teacher", na baada ya hapo Kiingereza kinahamia ubaoni, kwenye orodha ya vitenzi. Toeni kaye zenu, nyamazeni, fulani njoo ubaoni: yote hayo yanasemwa kwa Kifaransa, na mambo yakiwa magumu, kwa Kiswahili. Dakika 50 zinakwisha, na mtoto anatoka akiwa amenakili kurasa mbili za lugha ambayo hakuisikia ikitumika kwa kazi yoyote.

Pweto, jambo hili lina uzito wa pekee. Mji umekaa pale mto Luvua unapotoka ziwa Mweru, na Zambia iko karibu kiasi kwamba watu huenda na kurudi kama wanaoenda mtaa wa pili. Wabwile wako pande zote mbili za mpaka, na bei ya samaki hupatanwa kwa Kibwile, Kibemba au Kiswahili bila tatizo. Ila ukishavuka, karatasi za serikali na masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza. Mapigano ya Desemba 2000 yaliwavusha maelfu ya watu wa Pweto hadi Zambia. Wengi waliishi miaka mingi katika kambi za Mwange na Kala, na kuanzia 2007 wakaanza kurudishwa makwao. Tangu Julai 2022, Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako vikao na nyaraka nyingi bado huenda kwa Kiingereza. Mtoto wa Pweto anakihitaji Kiingereza cha kusema, pamoja na kile cha kuweka alama kwenye jibu sahihi siku ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

Mwalimu hahitaji kuwa fundi wa Kiingereza ili aanze. Anahitaji sentensi kama thelathini au arobaini, zilizo sahihi, anazozitumia kila somo kwa maneno yale yale. Mambo ya darasani hujirudia: kuingia, kuita majina, kufungua kitabu, kuuliza, kusahihisha, kufunga. Sentensi iliyosikika kila siku tangu darasa la saba hadi mwaka wa mwisho haisahauliki hata mtu akitaka kuisahau.

Tuanze na dakika tano za kwanza. "Good morning, everyone" ni salamu tosha. Mchana ni "Good afternoon". Wakishaitikia, usiwaache wamesimama huku ukipanga karatasi zako. Sema "Sit down, please." Halafu "I'm going to call the register", na kila anayetajwa ajibu "Here" au "Present". Asiyekuwapo, uliza darasa: "Who is absent today?" Aliyechelewa abishe hodi na kusema "Sorry I'm late. May I come in?", nawe umjibu "Yes, come in", ama, kama ni mazoea yake, "Why are you late?" Hapo ameshalazimika kutunga jibu lake mwenyewe, hata kama ni "I was at the lake with my father."

Kisha: "What day is it today?" "What did we do last time?" Swali hili la pili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi kutumia wakati uliopita bila mwalimu kutaja sarufi. Anayejibu "We read about Zambia" ametumia kanuni ambayo ubaoni ingechukua nusu saa.

Kwa kazi yenyewe, amri chache zinatosha: "Open your books at page twelve." "Look at the board." "Listen to me." "Repeat after me." "Write this down." "Work with your neighbour." "You have five minutes." "Stop writing now." Angalia jambo moja ambalo Kiswahili kinalo na Kiingereza hakina. Sisi tunatofautisha simama na simameni. Kwa Kiingereza zote mbili ni "Stand up". Kwa hiyo ongeza jina au neno la kuonyesha ni nani: "Stand up, Marie", "Stand up, everyone", "This row only". Bila hivyo, darasa la watoto 70 litasimama zima ulipotaka mmoja.

"Please" usiiache. Katika Kiswahili upole unaweza kukaa ndani ya kitenzi chenyewe, ufungue mlango badala ya fungua mlango, au kwenye sauti tu. Amri ya Kiingereza haina nafasi hiyo ndani yake, na ikitoka peke yake husikika kama ya askari. Kwa mtoto mmoja mmoja tumia "Can you open the window, please?" au "Can you clean the board, please?" Akimaliza, "Thank you."

Sasa mitego. Mwalimu wa Kongo amesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa hicho hupenya kwenye Kiingereza chake asipojichunga. Kutoka kwenye "faites silence" tunapata "Make silence", ambayo Mwingereza hasemi. Yeye husema "Be quiet, please" au "Quiet, everyone". "Levez le doigt" huzaa "Raise your finger". Sahihi ni "Raise your hand" au "Hands up". Wanafunzi wetu wanaopiga vidole hewani wakiita "Moi, profe! Moi!" wafundishwe "Me, sir!" na "Me, madam!", na ukichoka na kelele: "Don't shout. Put your hand up." "Passe au tableau" ni "Come to the board". Usiseme "Explain me" wala "Listen me"; Kiingereza kinataka "Explain to me" na "Listen to me". Ukitaka jina la kitu usiulize "How do you call this?", uliza "What do you call this?" au, rahisi zaidi, "What's this in English?" Na umri: kwa Kifaransa mtu ana miaka, kwa Kiswahili pia ana miaka, kwa hiyo kosa la "I have fifteen years" linasukumwa na lugha mbili kwa pamoja. Lirekebishe mapema: "I'm fifteen."

Mitego mingine miwili ina madhara nje ya shule. Interro ya darasani si "interrogation". Neno hilo kwa Kiingereza ni mahojiano ya polisi na mtuhumiwa. Sema "test": "We have a test on Friday." Na "passer l'examen" ni kufanya mtihani, ilhali "pass an exam" ni kufaulu. Kijana wa Pweto akimwambia mwajiri wa Zambia kwamba ame"pass" Exetat, hali aliifanya tu na bado hajapata matokeo, ataonekana mwongo bila kukusudia kudanganya. Kufanya mtihani ni "take an exam". Kufaulu ni "pass". Kushindwa ni "fail".

Matamshi nayo yana pa kuangaliwa. Walimu wengi wamekata tamaa na sauti ya mwanzo ya "think", wakasema "sink". Kiswahili sanifu kinayo sauti hiyo kwenye thamani na thelathini, na ile ya "this" iko kwenye dhahabu na dhambi. Sisi wa Katanga tumezoea kusema samani na zambi, ndiyo maana sauti hizo zinatuponyoka. Dawa ni kuwaweka watoto watamke thamani, thelathini, dhahabu, dhambi, ulimi ukigusa ncha ya meno, kisha waingie moja kwa moja kwenye "think, three, this, that". Tofauti ya i fupi na i ndefu ni ngumu zaidi, kwa kuwa Kiswahili kina i moja. "Sit" ni fupi, "seat" ni ndefu. Hapa lazima niseme wazi: "Take out a sheet of paper" ni amri ya kawaida kabisa, lakini ukiifupisha ile i, "sheet" inageuka kuwa tusi. Kama hujaimudu, sema "Take out some paper", na somo litaendelea salama.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, si la matamshi. Ni kusema "Open your books" na papo hapo kuongeza fungueni vitabu. Watoto ni werevu: wakishajua kwamba Kiswahili kinakuja baada ya sekunde moja, hawana sababu ya kusikiliza Kiingereza. Sema sentensi yako, onyesha kwa mikono, shika kitabu na ukifungue mbele yao, kisha nyamaza usubiri. Ukimya huo utakusumbua wewe zaidi kuliko wao. Wakikwama kweli, taja maana mara moja kwa Kiswahili, kisha urudie kwa Kiingereza, ili Kiingereza kiwe cha mwisho masikioni mwao. Sentensi tatu au nne mpya kwa juma zinatosha.

Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher, aliyekuwa akifundisha California, alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya kuunganisha amri na vitendo katika miaka ya 1960: mwalimu anatoa amri, wanafunzi wanaitenda kwa mwili, na kusema kunakuja baadaye. Njia hiyo inafaa darasa lisilo na vitabu vya kutosha, kwa sababu haihitaji kitabu. Jaribu mchezo huu dakika tano za mwisho za Ijumaa: ukisema "Teacher says touch your nose", waguse pua, ukisema "Touch your nose" bila "Teacher says", atakayegusa anaketi. Watoto wanaosinzia kwenye sarufi huamka.

Simaanishi kwamba Kiswahili kifukuzwe darasani. Kuelezea kwa nini Kiingereza kina "I have seen" na "I saw", Kiswahili kitakuokolea muda, maana tuna nimeona na niliona, na mtoto anaijua tofauti hiyo tangu nyumbani. Kifaransa nacho kinasaidia kwenye msamiati: "question", "page", "table" wanazijua tayari, kilichobaki ni matamshi. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, walimu waliosomea Kifaransa walitakiwa kufundisha hata hesabu na sayansi kwa lugha ambayo wengi wao hawakuimudu. Mwalimu wa Pweto hakubebeshwa mzigo huo. Anaombwa tu aendeshe somo la Kiingereza kwa Kiingereza pale inapowezekana.

Wanafunzi nao wapewe sentensi zao. Hili tunalisahau: tunawafundisha kujibu, hatuwafundishi kuuliza, na mtoto asiyejua kuuliza anaishia kunyamaza. Tafuta katoni safi, uandike kwa herufi kubwa na kuibandika karibu na ubao: "I don't understand." "Can you say that again, please?" "What does this word mean?" "How do you say samaki in English?" "How do you spell it?" "May I go out, please?" "I've finished." "Can I borrow your pen?" Kisha ushike msimamo: anayetaka kutoka aombe kwa maneno yaliyo ukutani, hata kama anasoma neno kwa neno. Baada ya mwezi hatatazama tena ukutani.

Namna ya kusahihisha ndiyo inayoamua kama watathubutu kufungua kinywa kesho. "No, wrong, sit down" humfunga mtoto kwa muhula mzima, hasa msichana anayekaa nyuma na kuongea kwa mara ya kwanza. Sema "Not quite. Try again." Akikaribia: "Almost." Akipatia: "That's right", "Well done." Akikwama: "Who can help her?" Na badala ya kuuliza "Do you understand?", swali ambalo darasa lolote litaitikia "Yeees" hata kama hakuna aliyeelewa, sema "Give me another example" au "Show me on the board." Utajua mara moja umefika wapi.

Kama prefe (mkuu wa shule) au inspekteri akiingia, msikatishe Kiingereza kwa heshima yake. Wasimame, waseme "Good morning, sir", nawe umweleze kwa sentensi moja: "We are learning how to ask questions." Kengele ikilia, maliza kwa utaratibu ule ule wa kila siku: "Time is up. For homework, do exercise three. Bring it on Thursday. Any questions?" Subiri kidogo, maana sasa wanazo sentensi za kuulizia. Halafu: "See you on Thursday. You can go now."