Guangzhou mwishoni mwa majira ya baridi: msafiri afungashe nini?

Baridi ya Guangzhou mwezi Februari na Machi ni kali kiasi gani?

Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, uko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa. Wastani wa joto mwezi Februari ni kama nyuzi 15 za Selsiasi, na Machi kama 18. Theluji ni nadra mno. Chembe chache zilizoanguka tarehe 24 Januari 2016 zilikuwa habari kubwa. Kinachomtesa mgeni ni mabadiliko ya ghafla. Upepo mkavu ukishuka kutoka Siberia, joto huweza kupungua kwa nyuzi 10 ndani ya siku moja au mbili, na siku chache baadaye watu wakarudia mashati ya mikono mifupi.

Mbona ndani ya nyumba kuna baridi kama nje?

Kuanzia miaka ya 1950 serikali ya China ilipeleka mabomba ya kupasha nyumba joto kaskazini mwa mstari wa milima ya Qinling na mto Huai. Guangzhou uko mbali kusini mwa mstari huo. Nyumba zake zimejengwa kukabili joto la kiangazi: sakafu za vigae, madirisha makubwa, na viyoyozi ambavyo vingi, hasa vya zamani, hupoza tu. Wauzaji katika masoko ya jumla hushinda dukani wamevaa makoti. Mtu wa Njombe au Limuru ataizoea hali hiyo upesi; wa Dar es Salaam au Mombasa ndiye atakayetetemeka.

Kwa nini kuta na sakafu hulowa hata siku isiyo na mvua?

Hili ndilo jambo ambalo wasafiri wengi hawaambiwi. Baada ya siku za baridi, upepo wa kusini huleta hewa ya vuguvugu yenye unyevu mwingi kutoka Bahari ya Kusini ya China. Kuta na vigae bado ni baridi, hivyo mvuke ukivigusa hugeuka maji. Vioo hufunikwa na ukungu, maji huchuruzika ukutani, na ngazi huteleza. Ghorofa ya chini huathirika zaidi. Nguo zilizofuliwa huning'inia siku kadhaa bila kukauka, kisha hunuka uvundo.

Mgeni hukimbilia kufungua madirisha ili hewa ipite, na hapo ndipo anapoongeza maji. Madirisha yafungwe mpaka upepo mkavu wa kaskazini urudi. Kiyoyozi chenye sehemu ya kukausha hewa, ambayo mara nyingi huonyeshwa kwa alama ya tone, kiwashwe hapo.

Basi, nini kiingie begini?

Nguo nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine: fulana, shati la mikono mirefu, sweta jembamba, na juu yake jaketi lisilopitisha upepo wala manyunyu. Vitambaa vinavyokauka haraka ni bora kuliko pamba nzito au jinzi. Soksi ziwe nyingi kuliko kawaida. Viatu viwe na soli inayoshika, kwa sababu ya vigae vilivyolowa. Mtandio hufaa asubuhi na usiku. Koti zito la sufu libaki nyumbani. Litakula kilo ambazo mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh atazihitaji kwa mzigo wa kurudi. Mwavuli hupatikana kulekule kwa bei nafuu. Adapta isisahaulike, maana plagi ya pini tatu bapa ya Kenya na Tanzania haiingii katika soketi za China.

Je, kuna wakati wa kuepuka?

Kwa anayekwenda kununua bidhaa, upo. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na wiki ya tatu ya Februari, na wafanyakazi hurudi makwao. Viwanda na maduka mengi ya jumla hufungwa kwa wiki mbili au zaidi. Tarehe ya sikukuu iangaliwe kabla ya tiketi kukatwa. Mwaka 2027 itakuwa 6 Februari.