Nyoka Hakufukuzi! Vidokezo 5 vya Kuipunguza Hofu

Nyoka akitokea kwenye runinga, unapandisha miguu juu ya kochi? Karibu, tupo wengi! Habari njema ni kwamba hofu hii hupungua, tena bila kumshika swila mkono mmoja. Anza leo.

1. Mwite kwa jina lake
Wengi tumekua tukiambiwa usiku usiseme "nyoka", sema "kamba". Lakini hofu hunenepa pasipo na majina. Jifunze wa kwenu: swila anayetanua shingo, kifutu mfupi na mnene anayelala tuli njiani, koboko mwenye kinywa cheusi ndani, chatu asiye na sumu. Duniani kuna aina zaidi ya 3,000 za nyoka, na wenye sumu ni kama 600 tu. Na yale macho makali yasiyopepesa? Hakuchukii, hana kope!

2. Panda ngazi, usiruke ukuta
Anza na katuni, kisha picha halisi, kisha video iliyozimwa sauti, halafu nyoka nyuma ya kioo. Siri ni moja: usitoke kwenye ngazi moyo ukiwa bado unadunda. Subiri utulie, ndipo upande. Ukikimbia hofu ikiwa kileleni, mwili unaamini kwamba mbio ndizo zilizokuokoa, na kesho unazidai tena. Mwaka 1924, Mary Cover Jones wa Marekani alieleza alivyomsaidia mtoto aliyeogopa sungura: sungura alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila. Kwa hiyo andaa karanga zako!

3. Nenda na mtu asiyeogopa
Hiki ndicho kilichonisaidia mimi. Nilifika bustani ya nyoka ya Meserani, nje kidogo ya Arusha, nikasimama mbali mikono nyuma. Mhudumu alimshika chatu mdogo huku akipiga soga kama mtu aliyebeba mtoto. Nikasogea. Akanielekeza niguse mgongo tu, mbali na kichwa. Nilitarajia utelezi wa kambare, kumbe ngozi ni kavu na laini kama mkoba uliotumika miaka mingi. Chini ya kidole nikahisi misuli ikipita taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nikacheka kwa sauti, machozi yakinilengalenga.

Na si mimi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwasaidia watu wenye hofu kali ya nyoka kwa njia hiyohiyo: tazama mwenzio, fanya naye, kisha fanya peke yako. Baadaye wengi wakasema hata hofu nyingine zilipungua. Hapo ndipo ninapoamini kwamba kuikabili hofu hutujenga: ukishajiona umeweza mahali pamoja, unathubutu pengine.

4. Acha fimbo, rudi nyuma
Usipime ujasiri kwa kuua. Watu wengi huumwa wakijaribu kumpiga au kumkamata nyoka. Mpe nafasi aondoke, na akiwa ndani ya nyumba, ita anayejua kazi hiyo. Usiku tembea na tochi na viatu vilivyofunika mguu. Chomeka chandarua chini ya godoro, na pambana na panya, maana nyoka huwafuata hao! Mtu akiumwa, mtulize asitembeetembee, mvue pete na bangili, mkimbizeni hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana.

5. Weka tarehe
"Siku moja" haipo kwenye kalenda! Andika Jumamosi gani, na nani, hatua ipi. Uko Nairobi? Bustani ya nyoka iko palepale kwenye Makumbusho ya Taifa. Uko Arusha? Panda gari la njia ya Ngorongoro, ushuke Meserani. Mtumie rafiki ujumbe sasa hivi, kabla hujafungua ukurasa unaofuata: "Jumamosi saa nne, twende tukawaone nyoka."