Njia ya Bwana Hupita Mpakani

Fundisho la siku za Majilio, kwa nyumba na kwa mitaa

Masomo: Isaya 40:3-5, Luka 3:1-14



Mwaka wa Kanisa hauanzi mwezi wa Januari, bali huanza Majilio. Jumapili ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na tangu siku hiyo twahesabu Jumapili nne hata sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana. Madhabahu huvikwa nguo ya zambarau. Rangi hiyo ni ya toba, tena ni ya kifalme. Hivyo yatukumbusha mambo mawili pamoja: Mfalme yuaja, nasi hatujawa tayari.

Huku Kilimanjaro siku hizo zina kazi nyingi. Watoto wa nyumbani waliokwenda Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na mbali zaidi hurudi kuwaona wazazi wao. Kuta hupakwa chokaa, ua hufagiliwa, majani ya ng'ombe hukatwa ya kutosha siku kadhaa, na mikungu ya ndizi hutengwa kwa ajili ya wageni. Waimbaji hukutana usiku kanisani, na wapiga tarumbeta husugua vyombo vyao mpaka ving'ae. Kazi hizo ni njema, wala hatuzilaumu. Lakini yafaa tujiulize: Tunapotengeneza haya yote, je, tumeitengeneza ile njia tuliyoamriwa?

1. Sauti jangwani

Watu wa Yuda walichukuliwa mateka wakapelekwa Babeli. Wakakaa huko mpaka wakazaa watoto wasioujua Yerusalemu ila kwa habari za wazee. Mwaka 539 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi aliuteka Babeli, na watu hao wakapata ruhusa kurudi kwao. Sura ya 40 ya Isaya ni neno la faraja kwao. Sauti yaamuru njia itengenezwe jangwani: mabonde yapandishwe, vilima vishushwe, palipopindika panyoshwe. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa zamani mfalme alipotaka kupita. Watumishi walitangulia kuondoa mawe na kufukia mashimo. Lakini hapa ajaye ni Mungu mwenyewe.

Mtu akaaye nchi tambarare aweza kuyasoma maneno haya upesi. Sisi tukaao mlimani twayafahamu kwa miguu yetu. Waweza kumwona mwenzio akipalilia ng'ambo ya korongo, hata ukimwita atakusikia. Walakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena kwa jasho. Yu karibu kwa macho, yu mbali kwa miguu. Na mvua za vuli zinyeshapo, palipokuwa na njia jana pana mfereji leo. Basi tukisoma habari ya bonde la kupandishwa, tusilitafute mbali. Bonde ni kila kitu kiwatengacho watu walio karibu.

2. Majibu matatu ya Yohana

Luka anapotuletea habari ya Yohana Mbatizaji, kwanza ataja wakuu saba: Kaisari Tiberio, Pontio Pilato, Herode, Filipo, Lisania, na makuhani wakuu Anasi na Kayafa. Ulikuwa mwaka wa kumi na tano wa Tiberio, kama mwaka 28 au 29 kwa hesabu yetu. Ndipo asema kwamba neno la Mungu lilimjia Yohana nyikani. Halikumjia hata mmoja wa wale saba. Tusidharau basi neno likitujia katika mtaa mdogo, kwa kinywa cha mtu asiye na cheo.

Watu wakamwuliza Yohana wafanye nini. Angalieni jinsi alivyowajibu. Hakumwambia hata mmoja aache kazi yake, wala hakuwapa wote jibu moja. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Mtoza ushuru asitoze kupita kiasi kilichoamriwa. Askari asimwonee mtu, wala asimsingizie, tena atosheke na mshahara wake. Kila mtu alionyeshwa korongo lake mwenyewe.

Yohana akipita kwetu mwezi wa Desemba, atasema nini? Mwenye gari la abiria atamwambia asiongeze nauli kupita ile iliyowekwa kwa sababu tu watu wana haraka ya kufika nyumbani. Mwenye duka atamwambia aitazame mizani yake. Aliyetoka mjini na masanduku matatu ya nguo atamwuliza habari za mtoto wa jirani. Na sisi tulio nyumbani atatuuliza habari za mipaka yetu.

3. Habari ya ndugu wawili

Katika mtaa mmoja nilikokaa zamani walikuwako ndugu wawili, wana wa mama mmoja. Baba yao aliwagawia kihamba kabla ya kufa kwake, na mpakani akapanda masale, kama ilivyo desturi ya Wachaga. Baada ya miaka mkubwa akasema, "Masale mawili yamehamishwa, yameingia kwangu hatua moja." Mdogo akakana, tena akamtukana ndugu yake mbele ya watoto. Toka siku ile hawakusalimiana. Kijia kilichopita kati ya nyumba zao kikazibwa kwa miiba. Mama yao alikaa kwa mdogo, na wajukuu wa kwa mkubwa walipotaka kumwona bibi yao iliwapasa kuzunguka kwa barabara.

Ikawa juma la pili la Majilio mzee wa mtaa aliwaita watu kwa msaragambo, ili njia iendayo kanisani itengenezwe kabla ya sikukuu. Kila nyumba ikapewa kipande chake. Jioni mzee alipoikagua aliiona njema, ila mahali pamoja. Pale vihamba vya ndugu wale wawili vilipokutana, maji yalikuwa yamechimba shimo la hatua mbili. Mkubwa alijaza mawe mpaka pale alipodhani ndipo mwisho wake. Mdogo naye vivyo hivyo. Shimo likabaki katikati, halina mwenyewe.

Usiku mvua ikanyesha. Jumapili asubuhi mama yao, ambaye hakuweza tena kutembea mbali, alichukuliwa na vijana wawili juu ya kiti, maana alitamani sana kushiriki Meza ya Bwana. Walipofika pale shimoni pamejaa maji na utelezi, wasithubutu kupita naye. Mama akawaambia, "Nirudisheni, wanangu. Njia ya kwetu haifiki kanisani."

Maneno hayo yalitangulia kufika kabla ya kengele ya pili. Mwinjilisti hakuyataja katika mahubiri yake. Alisoma Luka sura ya 3, akaeleza, akanyamaza. Wakati wa Meza ya Bwana yule mdogo alibaki ameketi mahali pake. Alikumbuka alivyofundisha Bwana katika Mathayo 5, kwamba mtu aletaye sadaka, akijua ndugu yake ana neno juu yake, aende kupatana kwanza.

Jioni ile alikata jani la isale, akalifunga fundo. Wachaga wote wajua maana yake. Isale hulinda mpaka, lakini pia ni mti wa amani. Aliyekosa hulichukua jani lake kwenda kuomba radhi, na aletewaye ni vigumu kukataa. Akaiondoa miiba kwa mikono yake, akapita kijia cha zamani mpaka mlangoni kwa ndugu yake.

"Kaka," akasema, "sikuja kwa shauri la mpaka. Nimekuja kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya matusi niliyokutukana mbele ya watoto wako."

Mkubwa alilitazama lile jani muda mrefu. Mkewe aliandaa chai, ikapoa, hakuna aliyeigusa. Mwisho akalipokea, akasema, "Kesho asubuhi njoo na jembe."

Siku ya Krismasi mama alikwenda kanisani juu ya kiti kile kile, na waliomchukua walikuwa wanawe wawili. Shauri la mpaka lilikuwa bado. Liliamuliwa mwezi wa Januari mbele ya wazee wa ukoo, na yule mdogo akapoteza ile hatua moja. Ilimwuma, wala hakuficha. Lakini kijia hakikuzibwa tena.

4. Maana yake kwetu

Neno la kwanza: amani haikungoja shauri liishe. Wengi wetu husema, "Nitapatana naye atakapokubali kwamba nilikuwa na haki." Hivyo Majilio hupita, na miaka hupita, na mwisho ndugu hukutana kaburini, mmoja akiwa amesimama na mwingine akiwa amelala. Shauri lina wazee wake na siku yake. Njia haina budi kufunguliwa leo.

Neno la pili: desturi ya isale ni njema, lakini Injili yaipita. Kwa desturi, aliyekosa ndiye amwendeaye aliyekosewa. Huko Bethlehemu ilikuwa kinyume. Sisi ndio tuliokosa, na Mungu aliyekosewa ndiye aliyekuja kwetu, akapita miiba yetu, akafika mlangoni akiwa mtoto mchanga. Basi mtu asiseme, "Mimi ndimi niliyeonewa, kwa nini nitangulie?" Aliyeonewa kuliko wote ametangulia.

Neno la tatu: kazi ya kupatanisha si ya mchungaji peke yake. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika nchi hii mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi katika Old Moshi hata mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyotupa Mungu, na ya kuwa usharika ujengwe juu yake. Twaweza kuona hatari pia, maana ukoo waweza kushikilia uadui kama uwezavyo kushikilia upendo. Lakini hapo ndipo dawa ilipo. Jirani akijua kwamba kijia fulani kimezibwa, asiseme, "Hayanihusu." Aende kwa upole, bila kulitangaza sokoni.

5. Majuma manne, kazi nne

Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini huko Hamburg katika Ujerumani, alifanya duara la mishumaa ili watoto wahesabu siku zilizobaki hata Krismasi: mishumaa midogo kwa siku za kazi, na minne mikubwa kwa Jumapili. Toka hapo desturi ya mishumaa minne ya Majilio ilienea. Nyumba isiyo na mishumaa minne yaweza kuwa na kazi nne.

Juma la kwanza, tazameni madeni. Mlipe mnayoweza kulipa kabla ya kununua vitu vya sikukuu, na msiyoweza mkaseme kweli kwa mwenye mali. Tena kumbukeni kwamba Januari huja na mahitaji ya shule. Sikukuu isile daftari na viatu vya watoto.

Juma la pili, tazameni ugomvi. Kila mtu ajiulize ni nani asiyemsalimu, ni mlango upi asioupita.

Juma la tatu, watazameni wasio na mgeni. Katika kila mtaa yuko mjane au mzee asiye na gari linalosimama mlangoni pake. Husikia honi za magari ya wengine usiku kucha. Mpelekeeni kuni, ndizi na maziwa mapema, wala msingoje mabaki ya sikukuu. Na watoto watokao mjini wafundishwe kuingia nyumba ile kumsalimu.

Juma la nne, itazameni furaha yenyewe. Mbege isiwe bwana wa karamu, wala mashindano ya magari na nguo yasiwatie haya wale waliorudi mikono mitupu. Kijana aliyekosa kazi mjini huogopa kurudi kwa sababu ya macho ya watu. Nyumba impokeayo bila kumwuliza ameleta nini imeipandisha bonde.

Haya tuyatendayo hayamlipi Mungu, kana kwamba ataka malipo ndipo aje. Mwaka 1517 Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kutufundisha kwamba toba si jambo la siku moja, bali la maisha yote. Bwana yuaja kwa neema yake. Sisi twaondoa mawe kwa sababu yuaja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Kwa nini Yohana aliwapa watu majibu mbalimbali? Wewe angekujibu nini?

2. Yule mdogo alibaki ameketi wakati wa Meza ya Bwana. Je, alifanya vema? Someni Mathayo 5:23-24.

3. Mzee wa mtaa aliliona shimo jioni, hakusema neno. Ingempasa kufanya nini?

4. Je, katika mtaa wetu kiko kijia kilichozibwa? Ni nani awezaye kwenda huko kabla ya Krismasi?

Swali hili la mwisho lisijibiwe kwa kutaja majina mbele ya watu. Kila mtu alijibu moyoni, kisha aondoke aende.

Bwana awajalie Majilio yenye amani, na njia zilizo wazi hata mlangoni kwa jirani.