Bastola ya rafiki kabatini: "kosa la kwanza" mbele ya mahakama za Uingereza

Wazazi wengi Waswahili wanaoishi Uingereza huamini kwamba kijana ambaye hajawahi kushtakiwa ataonywa tu, au atapewa kifungo cha nje. Kwa makosa madogo huwa hivyo. Kwa bastola, sivyo kabisa.

Watoto 16 na mwalimu wao waliuawa kwa risasi shuleni Dunblane, Scotland, Machi 1996, na mwaka uliofuata karibu bastola zote zikapigwa marufuku. Leo England na Wales, mtu mwenye miaka 18 au zaidi akipatikana na hatia ya kumiliki silaha ya aina hiyo, kima cha chini ni kifungo cha miaka 5. Kwa wa miaka 16 na 17 ni miaka 3. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kosa, si wa siku ya hukumu. Kukiri kosa mapema, jambo linalopunguza adhabu katika kesi nyingine, hapa hakuishushi chini ya kima hicho. Wala miaka 5 haigeuzwi kuwa kifungo cha nje.

Na kumiliki hakumaanishi kununua. Kijana aliyeombwa na rafiki "nishikie hii mpaka kesho" anamiliki. Hata aliyepokea begi bila kujua lina bastola anaweza kutiwa hatiani. Kutojua kwake huja kupimwa wakati wa adhabu. Hili linaniumiza, kwa sababu wakubwa wa magenge huwatafuta hasa watoto wasiojulikana na polisi. Anayemtumia mwingine kumfichia silaha naye ana kosa zito, lakini hilo halimwondolei kijana lake.

Jaji anaweza kushuka chini ya kima ikiwa tu kuna hali za kipekee, za kosa lenyewe au za mkosaji. Mwongozo wa adhabu unaotumika tangu Januari 1, 2021 unasema wazi kwamba sababu moja ya kupunguza adhabu, kama rekodi safi, peke yake haitoshi. Jaji huangalia mambo yote kwa pamoja: silaha ilikuwa na risasi? Ilikaa kwake muda gani? Alitishwa? Ana ugonjwa wa akili au ulemavu wa kujifunza?

Kwa hiyo kazi ya familia ni ushahidi. Katika kituo cha polisi, wakili wa zamu ni bure; mtoto asihojiwe kabla hajazungumza naye, na aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mtu mzima pembeni, ambaye anaweza kuwa mzazi. Kama kuna jumbe za vitisho kwenye simu, wakili aambiwe mapema. Ripoti za daktari na za shule zina uzito zaidi kuliko barua kumi za majirani zinazosema ni mtoto mzuri.

Asiye raia ana jambo la ziada. Kifungo cha miezi 12 au zaidi humweka mgeni kwenye hatari ya kufukuzwa nchini, ingawa sheria inawatenga waliotiwa hatiani wakiwa chini ya miaka 18. Mwanasheria wa uhamiaji atafutwe kabla ya kukiri au kukana kosa. Na kwa wote, raia au la, ombi la rufaa dhidi ya adhabu ya Mahakama ya Crown hupelekwa ndani ya siku 28.