SOMO LA HISTORIA: SAFARI YA SIKU MOJA TOKA BRUXELLES MPAKA GAND NA BRUGES



Wengi wetu tuko na kaka, shangazi au mjomba pale Bruxelles. Wanatuma picha, na sisi tunaangalia manyumba marefu nyuma yao bila kujua ni nini. Siku moja, katika saa ya historia, mmoja wa kalasi yetu alisimama na kuuliza: "Sababu gani tujifunze miji ya Wabeleji, wakati vijiji vyetu wenyewe hatujui vilianza namna gani?" Watu walicheka, lakini ulizo halikuwa la kuchekesha. Siku ile hatukulijibu vizuri. Leo tunajaribu.

Tulifungua atlasi, tukachora ramani ku tablo, na sasa tunawaalika mufanye pamoja nasi safari ambayo wageni wanaofika Bruxelles wanaifanya kila siku: kutoka asubui, kuona miji miwili ya zamani, na kurudi magaribi. Hatuna tiketi wala viza. Tuko na chaki na macho ya akili. Musichoke njiani.

1. Namna safari inavyopangwa

Bruxelles ni mji mkuu wa Ubelgiji. Upande wa magaribi, kilometa karibu 55, uko mji wa Gand. Ukiendelea upande ule ule unafika Bruges, karibu kilometa 100 toka Bruxelles. Wenyeji hawasemi Gand na Bruges. Wao wanasema na kuandika Gent na Brugge. Mukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni treni: nusu saa hivi mpaka Gand, na karibu saa moja mpaka Bruges. Reli ya Ubelgiji ni ya zamani sana: treni ya kwanza ilitembea mwaka 1835 kati ya Bruxelles na Malines, na mwaka 1838 njia ilikwisha kupita Gand na Bruges na kufika bahari pale Ostende. Njia ya pili ni bisi ya watalii pamoja na kiongozi. Huyu anatangulia, anainua bendera ndogo au mwavuli ili watu wake wasipotee, na anaeleza kila jengo.

Uzuri wa kiongozi ni kwamba mawe peke yake hayasemi. Ubaya wake ni kwamba siku ni fupi. Anachagua la kusema na la kuacha. Kwa hiyo mgeni mwenye akili anakwenda na maulizo matatu mfukoni: Nani alijenga hiki? Alipata wapi feza? Na nani hakutajwa?

2. Gand, mji wa wafuma nguo

Gand umekaa pale mito miwili inapokutana, Escaut na Lys. Kwa mito hiyo mizigo ilipita, na mji ukatajirika kwa kazi moja: kufuma nguo. Sufi ya kondoo ilitoka Uingereza, watu wa Gand wakaifuma na kuiuza mbali.

Mambo ya kuona ni mengi, tunataja matatu.

Ngome ya mabwana wa Flandre. Ilijengwa mwaka 1180 na bwana Philippe d'Alsace. Kuta zake nene zilisimamishwa katikati ya mji, na wenyeji walielewa: mkubwa anawaangalia.

Mnara wa mji, mita 91. Huu si wa kanisa wala wa mkubwa, ni wa raia wenyewe. Ndani walitunza karatasi za haki zao, na kengele yake iliita watu wakati wa moto au vita. Basi tayari munaona ugomvi wa mji mzima kwa macho tu: ngome upande huu, mnara upande ule.

Kanisa kubwa la Mtakatifu Bavo. Ndani iko picha ya mbao ya Mwana-Kondoo, kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyomalizika mwaka 1432. Katika vita ya pili ya dunia Wadachi waliichukua, na mwaka 1945 ilipatikana katika shimo la chumvi kule Austria. Lakini ubao mmoja uliibiwa mwaka 1934, na mpaka leo haujaonekana. Mahali pake wameweka mfano uliochorwa upya.

Mfalme Charles Quint alizaliwa Gand mwaka 1500. Mji wake wa kuzaliwa ulikataa kulipa kodi ya vita zake na kuasi. Mwaka 1540 aliwaazibu: wakubwa wa mji walitembezwa wamevaa shati tu, na kamba shingoni. Aliwanyanganya haki zao pia. Ajabu ni hii: watu wa Gand hawakuficha aibu ile. Mpaka leo wanajiita "wavaa kamba", na wanasema jina hilo kwa majivuno.

3. Bruges, mji uliokimbiwa na maji

Toka Gand, karibu nusu saa ya treni, tunaingia Bruges. Mifereji ya maji inazunguka nyumba, na mashua ndogo zinapitisha watalii. Ku kiwanja cha soko unasimama mnara wa mita 83. Ngazi zake ni 366, na juu ziko kengele 47. Mwenye nguvu apande, mwenye magoti mabaya asikilize chini.

Bruges ulipata bahari kwa bahati. Mwaka 1134 tufani kubwa ilifungua mkono wa bahari unaoitwa Zwin, na meli zikaweza kukaribia mji. Wafanya biashara walifika toka Italia, Uingereza, Uhispania na pwani ya Udachi. Walikutana mbele ya nyumba ya wageni ya jamaa ya Van der Beurze, wakabadilishana feza na mapatano. Kutoka jina hilo Wafaransa walipata neno "bourse".

Kisha mchanga ukaanza kazi yake. Sisi tunaona jambo hilo kila majira ya mvua: mto unashuka mlimani na kumwaga udongo ziwani, na mahali palipokuwa na kina leo mtoto anatembea. Zwin ilijaa pole pole. Na mwaka 1488 watu wa Bruges waligombana na Maximilien wa Austria, wakamfunga. Alipofunguliwa hakusahau, aliwavuta wafanya biashara wa kigeni waende Anvers. Mchanga na hasira ya mkubwa vikasaidiana. Karibu na mwaka 1500, utajiri ulikuwa umehama.

Sasa fikirini. Miji tajiri inabomoa nyumba za zamani ili ijenge mpya. Bruges haukuwa na feza ya kubomoa. Ulilala maskini kwa miaka mia kadhaa. Mwaka 1892 mwandishi Georges Rodenbach aliuita hata "Bruges mfu" katika kitabu chake. Ni umaskini ule uliotunza nyumba ambazo leo watalii wanalipa ili kuziona. Mwaka 1907 mji ulipata tena bandari, Zeebrugge, na mwaka 2000 shirika la UNESCO liliandika katikati ya Bruges ku orodha ya urizi wa dunia.

4. Neno lililoua

Ku kile kiwanja cha soko iko sanamu ya watu wawili, Jan Breydel na Pieter de Coninck. Kiongozi atawaita mashujaa. Tuangalie sababu.

Mwaka 1302 mfalme wa Ufaransa alikuwa ameshika Flandre. Tarehe 18 ya mwezi wa tano, alfajiri, watu wa Bruges waliingia mji na kuua askari Wafaransa pamoja na rafiki zao, wengi wakiwa bado vitandani. Namna gani walimtambua mgeni gizani? Watu wanasimulia kwamba walimwambia mtu aseme maneno mawili au matatu ya Kiflama, "schild en vriend", maana yake ngao na rafiki. Ulimi wa Mfaransa ulishindwa, na upanga ukashuka.

Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukumbuka. Ni Shibolethi ya kitabu cha Waamuzi, mulango wa 12, pale Yordani. Habari ni ile ile: kinywa kinageuka hati ya kifo.

Nyuma ya siku hamsini na nne, tarehe 11 ya mwezi wa saba 1302, wafuma nguo na watu wengine wa miguu walishinda wapanda farasi wa Ufaransa karibu na Courtrai. Walikusanya vitu vya zahabu vilivyokuwa ku visigino vya wapanda farasi, na vita ikapata jina kwa hivyo. Waflama wanafanya sikukuu tarehe hiyo mpaka leo. Ushindi ule ulikuwa wa kweli. Lakini sanamu ya soko haionyeshi vitanda vya ile alfajiri. Na sisi, katika inchi ambamo watu wameulizwa barabarani wanasema lugha gani, hatuwezi kupita mbele yake tukipiga makofi tu.

5. Mlango mwingine

Turudi Gand kidogo. Ubelgiji ulipata uhuru mwaka 1830. Zaidi ya nusu ya raia walisema Kiflama, lakini serikali, jeshi, na masomo ya juu vilitembea kwa Kifaransa. Mtoto wa mkulima aliweza kuhukumiwa katika lugha asiyoisikia. Iniversite ya Gand ilifunguliwa mwaka 1817. Mwanzoni walifundisha kwa Kilatini, kisha kwa Kifaransa. Waflama waliandika vitabu, walitoa magazeti, walikusanyika, walipiga kura, miaka mingi. Mwaka 1930 iniversite ile ikawa ya kwanza Ubelgiji kufundisha kwa lugha yao. Hapo ulimi haukuua mtu. Ulifungua kalasi.

Kumbe miaka ile ile kwetu, chini ya hao hao Wabeleji, kazi ya ofisi ilikuwa kwa Kifaransa. Leo katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Hatusemi tuache Kifaransa. Kwa nacho tunasoma fizike na kimi. Tunasema tu kwamba kuandika vizuri Kiswahili si kazi ya watoto wa darasa la kwanza.

6. Nani hakutajwa?

Ulizo la tatu bado. Katika karne ya 19 Gand ulikuwa mji mkubwa wa viwanda vya pamba. Toka mwaka 1917 serikali ya ukoloni ililazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba, na pamba hiyo ililisha viwanda vya Ubelgiji. Babu zetu hawakupanda treni ya Gand, lakini jasho lao lilisafiri. Tarehe 30 ya mwezi wa sita 2020, siku ya miaka 60 ya uhuru wetu, mji wa Gand uliondoa sanamu ya kichwa cha Leopold wa Pili katika bustani yake. Siku hiyo hiyo mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi barua ya majuto.

7. Jibu letu

Ndugu yetu aliuliza sababu gani. Tunajibu: ili tujifunze kuuliza. Aliyeweza kuuliza mnara wa Gand ataweza kuuliza pia mti mkubwa wa kijiji chake, kaburi la mwami, gudulia la zamani, barabara iliyochimbwa kwa kiboko. Huko hakuna kiongozi mwenye mwavuli. Wako wazee, na wazee hawangoji.

Kazi ya kufanya. Kila mmoja achague mahali pamoja pa kwao, aende kwa mzee mmoja, na aandike ukurasa mmoja katika kaye:

a) Nani alijenga au alipanda hapa, na wakati gani?
b) Feza au nguvu ilitoka wapi?
c) Nani aliteswa hapa na hakutajwa?
d) Jina la mahali hapa katika lugha ya wenyeji ni nini, na maana yake?

Muandike kwa Kiswahili. Karatasi nzuri zaidi tutazipiga ku mashine katika namba ijayo, na siku ya mapumziko tutakwenda kwa miguu kuona mahali pa kwanza. Mwandishi wa karatasi atakuwa kiongozi wetu. Mwavuli tutamwazima.