Dondoo muhimu: Kisu cha bibi kidumu

Kisu kilicholika kwa kunolewa miaka mingi kina umbo ambalo hulipati dukani. Usikubali fundi alirekebishe. Ule mbonyeo katikati ya makali ni alama ya mkono wa bibi, ukiusawazisha, umeufuta.

Weusi wa bapa la chuma cha zamani si uchafu. Ni utando unaosaidia kuzuia kutu, kwa hiyo usiusugue mpaka chuma king'ae. Adui ni kutu nyekundu: iondoe kwa magadi soda yaliyokorogwa na maji kidogo, ukisugua kufuata urefu wa bapa.

Noa kwa kinoo na maji, polepole, kisu kikiinama nyuzi 15 hadi 20. Jiwe la mashine linalozunguka kasi bila maji huchoma chuma. Makali yakigeuka buluu, ugumu wake umepotea pale, na inasikitisha kuona kisu cha miaka 40 kikiharibiwa kwa dakika mbili.

Ukishakata ndimu, nyanya au embe mbichi, kioshe na ukikaushe papo hapo. Usikiloweke, mpini wa mti huvimba, kisha hupasuka. Kabla ya kukiweka muda mrefu, kipake mafuta kidogo, na usikiache ndani ya ala ya ngozi, maana hushika unyevu.

Tena, waulize mama na shangazi wangalipo: nani alikinunua, wapi, kilichinja kuku wa harusi ya nani? Andika majibu, uyahifadhi pamoja na kisu.