SOMO LA ROBO HII: Kasoro Ipi Tuivumilie? Kuchagua Simu ya Kamati kwa Fedha Kidogo



Katika masomo yaliyopita tumezungumzia vitabu vya fedha, stakabadhi na muhtasari wa vikao. Robo hii tumeona ni vyema tuzungumzie chombo ambacho siku hizi hubeba vyote hivyo, nacho ni simu ya kamati. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, michango mingi ya sharika zetu huingia na kutoka kwa simu. Picha za miche iliyopandwa, orodha ya wanafunzi wanaolipiwa ada na ujumbe wa fedha zilizopokelewa, vyote hukaa mahali pamoja. Simu hiyo ikifa ghafla, taarifa ya robo mwaka inakufa nayo, na minong'ono inaanza. Mtunza hazina mwaminifu anaweza kuonekana mwizi kwa sababu tu simu ilikataa kuwaka.

Kwa hiyo ununuzi wa simu si jambo dogo la kumwachia kijana mmoja anayeshuka Mombo siku hiyo. Ni uamuzi wa kamati nzima, tena unagusa heshima ya watu.

Lengo la somo

Baada ya somo hili kamati iweze (1) kutofautisha kasoro za simu zinazovumilika na zisizovumilika, (2) kuikagua simu kabla ya kulipa, na (3) kupanga bajeti ya simu kwa gharama yake yote, si kwa bei ya dukani peke yake.

1. Hakuna simu isiyo na kasoro

Simu za Android hutengenezwa na makampuni mengi, na bei zake hutofautiana sana. Simu ya bei ndogo imepunguziwa kitu mahali fulani. Pengine ni memori, pengine kamera, pengine kioo. Mtengenezaji amechagua mahali pa kubana, nasi tunaponunua tunachagua mahali pa kubanwa.

Tusidhani kwamba bei kubwa inaondoa tatizo hili. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ilitoa simu ya bei ya juu, Galaxy Note 7. Katika muda mfupi betri zake zilianza kushika moto. Simu zipatazo milioni 2.5 ziliitwa zirudishwe, na mwezi Oktoba mwaka huohuo utengenezaji wake ukasimamishwa kabisa. Wanunuzi wake hawakuwa wamebana fedha, na bado kasoro iliwafikia.

Hivyo swali la kamati lisiwe, "Ipi ni simu nzuri kuliko zote?" Swali liwe, "Kwa fedha tulizonazo na kazi tuliyo nayo, ni kasoro ipi tunaweza kuishi nayo?" Bwana wetu katika Luka 14 alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tukae kwanza.

2. Tuyatazame mazingira yetu

Simu inayomfaa mtu wa mjini Tanga inaweza isitufae sisi wa Bumbuli. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, milima. Vijiji vyetu vingi viko mabondeni, na mtandao hukatizwa na migongo ya milima. Simu ikiwa mahali penye mtandao hafifu hutumia nguvu nyingi kuutafuta mnara, na chaji hushuka upesi hata kama hakuna anayeongea. Betri ambayo mjini inamaliza siku nzima, huku inaweza kuisha kabla ya jioni.

Pili, umeme. Kaya nyingi hutegemea sola, na kwenye gridi nako umeme hukatika. Simu inayohitaji chaji mara mbili kwa siku ni mzigo kwa mwinjilisti anayezunguka mitaani kwa miguu.

Tatu, maji. Tuna masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na ukungu wa miezi ya baridi. Simu nyingi za bei ndogo hazikutengenezwa kuzuia maji. Kwenye boksi au karatasi ya maelezo angalia alama ya IP. IP54 maana yake inahimili vumbi kiasi na matone ya kurukia, wala si kuzamishwa. IP67 inahimili kuzama meta moja kwa dakika 30 ikiwa bado mpya. Kama hakuna alama yoyote, hesabu kwamba haihimili.

3. Kasoro tusizozivumilia

Betri dhaifu. Betri ya simu huchakaa kila inapochajiwa, na baada ya mamia ya chaji kamili hubaki na sehemu tu ya nguvu yake. Kwa hiyo anza na betri kubwa. Simu nyingi za sasa zina betri ya mAh 5,000 au karibu na hapo. Iliyo pungufu sana haitatufaa, na betri iliyovimba ni ya hatari, usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Memori ndogo. Hapa wengi hudanganyika. Kuna memori ya kufanyia kazi, yaani RAM, na kuna memori ya kuhifadhia. Google walipotoa Android 13 mwaka 2022 waliweka GB 2 za RAM kuwa kima cha chini, hata kwa toleo jepesi la simu ndogo. Kima cha chini maana yake inawaka na kutembea. Kwa kazi ya kamati tunashauri GB 4. Jihadhari na boksi linalosema GB 8 huku maandishi madogo yakisema "4+4". Nne za pili si RAM ya kweli. Zimeazimwa kutoka kwenye memori ya kuhifadhia, nazo ni za polepole. Memori ya kuhifadhia iwe GB 64 au zaidi, kwa sababu mfumo wa simu wenyewe hula sehemu kubwa, na simu iliyojaa hukwama.

Kamera isiyoweza kulenga. Hatuhitaji kamera ya harusi, ila tunahitaji kamera inayosoma stakabadhi. Baadhi ya simu za bei ndogo zina kamera isiyorekebisha ulengaji, hivyo karatasi ya karibu hutoka ukungu. Wingi wa macho mgongoni mwa simu usikuvutie, mengine ni ya urembo tu.

Mfumo uliokwisha kuachwa. Mtengenezaji hutuma marekebisho ya usalama kwa miaka kadhaa kisha huacha. Ndani ya setingi, kwenye maelezo ya simu, utaona tarehe ya marekebisho ya mwisho. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, jua simu hiyo imeachwa njiani. Baada ya muda programu kama WhatsApp huacha kufanya kazi kwenye Android zilizopitwa mno. Isitoshe, tunatunza majina na picha za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde.

Simu bandia. Hii haina mjadala. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliagiza simu bandia zizimwe kwenye mitandao yote nchini. Wengi waliokuwa wamefurahia bei ndogo walibaki na kitu kisichopiga wala kupokea.

4. Kasoro tunazoweza kuzivumilia

Kioo kisicho na mng'ao wa simu za bei kubwa, kamera ya usiku iliyo dhaifu, umbo nene, chaji isiyo ya haraka, spika yenye sauti ya kawaida, kukosa 5G, rangi isiyopendeza. Haya yote hayazuii taarifa kufika wala stakabadhi kupigwa picha. Hapa ndipo tubane fedha. Muuzaji atayasifu sana mambo haya kwa sababu yanaonekana kwa macho, ilhali betri na memori havionekani.

5. Kuikagua simu kabla ya kulipa

Iwe Soni, Lushoto mjini, Mombo au Tanga, waende wanakamati wawili, wasiwe na haraka, na wafanye yafuatayo mbele ya muuzaji.

(a) Bonyeza *#06#. Namba ya IMEI yenye tarakimu 15 itatokea. Ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. TCRA watajibu wakionyesha simu hiyo ni ya aina gani. Jibu lisipofanana na simu iliyo mkononi, iacheni.

(b) Weka laini zote mbili pamoja na memori kadi. Simu nyingine ina nafasi mbili tu, ukiweka memori kadi unapoteza laini ya pili. Kamati yenye laini yake na mtunza hazina mwenye laini yake wataliona tatizo hili wakiwa wamekwisha fika nyumbani.

(c) Piga simu na sikiliza pande zote mbili. Jirekodi sauti uisikilize.

(d) Chomeka chaja na uitikise waya taratibu. Chaji ikikatika na kurudi, tundu ni bovu. Tundu la aina ya C huvumilia zaidi kuliko yale madogo ya zamani.

(e) Buruta picha ndogo ya programu kwa kidole kutoka kona hadi kona ya kioo. Ikiachia mahali fulani, tachi ina kasoro.

(f) Piga picha stakabadhi, uikuze, usome tarakimu. Kisha toka nje ya duka uone kama kioo kinasomeka juani.

(g) Dai risiti ya EFD na maandishi ya dhamana yenye muda wake. Uliza pia fundi wa karibu kama kioo na betri za aina hiyo hupatikana, na kwa bei gani. Simu isiyo na spea ni ya kutumika mara moja.

6. Bajeti ya simu ni zaidi ya bei ya simu

Wahenga wetu husema rahisi ni ghali. Tuipige hesabu hiyo kwa mfano, bei zikiwa za kufundishia tu. Simu ya kwanza inauzwa Sh 180,000 na inadumu miezi 12. Gharama yake ni Sh 15,000 kwa mwezi. Simu ya pili inauzwa Sh 300,000 na inadumu miezi 30. Gharama yake ni Sh 10,000 kwa mwezi. Iliyoonekana ghali dukani imekuwa nafuu kwa theluthi nzima, na hatujahesabu kumbukumbu zilizopotea ile ya kwanza ilipokufa.

Kamati yenye Sh 400,000 isizimalize zote kwenye simu. Inaweza kutenga Sh 300,000 kwa simu, Sh 20,000 kwa kava na protekta ya kioo, Sh 20,000 kwa memori kadi, na Sh 60,000 zibaki kwenye kitabu kwa ajili ya matengenezo. Bando la kila mwezi liwe na fungu lake. Ikiwa fedha hazitoshi kwa simu mbili zinazofaa, ni afadhali moja inayofaa na utaratibu mzuri wa kuitumia, kuliko tatu ambazo baada ya mwaka zitakuwa kwenye droo ya ofisi ya usharika.

Simu ikiwa nzuri kiasi gani, itakufa siku moja. Kwa hiyo namba na majumla yaandikwe kila wiki kwenye daftari la kawaida, na picha zihamishiwe mahali pa pili.

7. Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mtusaidie katika mambo mawili.

La kwanza ni kuhusu ankara kifani tatu. Utaratibu huu ni mzuri na tunaufuata. Lakini pale sharti linapokuwa kuchukua bei ya chini kabisa, kamati hulazimika kununua kitu inachojua hakitadumu. Tunaomba ikubalike kamati kuchagua bei ya kati, mradi muhtasari wa kikao ueleze sababu: betri, memori, spea, dhamana.

La pili ni kuhusu simu zilizotumika zinazotumwa kutoka ng'ambo. Nyingine hufika zikiwa zimefungwa kwa mtandao wa huko, au hazishiki masafa yote ya mitandao yetu, na betri zake zimekwisha choka. Kabla ya kutuma, tafadhali tuandikieni aina na mwaka wa simu, nasi tutawajibu kwa ukweli kama itafaa. Kukataa zawadi isiyofaa ni sehemu ya uaminifu pia.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Simu ya kamati yetu inafanya kazi zipi tatu za lazima? Zipi ni za anasa?
2. Ikizimika leo usiku isiwake tena, tutapoteza nini? Kipo mahali pengine?
3. Katika ununuzi wetu uliopita, tulitazama bei tu au muda wa kudumu pia?
4. Nani atakwenda kununua, na nani atathibitisha ukaguzi wa (a) hadi (g)?
5. Je, tuna fungu la matengenezo? Kama hatuna, tutaanza na kiasi gani robo hii?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari na nakala iletwe ofisini pamoja na taarifa ya robo mwaka, ili sharika zinazonunua baadaye zijifunze kutoka kwa zilizotangulia.